Moja Yenye Bawa

Kalamazoo, Oktoba 6, 1996

Kwa shemeji yangu Dale,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limepunguza kutabiri mvua. Nisalimie mkeo Arlene. Mimi si mgonjwa. Majani ya mtaani kwetu yamekuwa mekundu, na jana nilioka mkate mweusi wa kwetu Latvia, ukatoka mgumu kidogo, lakini ukikatwa mwembamba unalika.

Hii ndiyo ripoti yangu ya msimu wa ligi yetu ya besiboli ya mezani, ya kadi na dadu, kama kanuni zinavyotaka, nawe kama katibu utaisambaza kwa mameneja wenzetu sita. Timu yangu, Korongo wa Kalamazoo, wameshika mkia. Wameshinda michezo hamsini na mitano, wamepoteza mia moja na saba. Ni mara ya tatu mfululizo.

Nimekaa na madaftari wiki nzima nikitafuta ugonjwa uko wapi. Kwanza nililaumu dadu, kisha nikalaumu kadi za wachezaji. Mwishowe nikatenganisha michezo ya nyumbani na ya ugenini, na hapo nikaacha kulaumu. Nyumbani, ambako nilirusha dadu mwenyewe kwenye meza ya jikoni, tumeshinda 44 na kupoteza 37. Hiyo ni timu ya heshima. Ugenini, ambako mgeni hutuma karatasi ya maagizo tu na mwenyeji hurusha dadu kwa niaba ya pande zote mbili, tumeshinda 11 na kupoteza 70. Simshuku mtu. Tumecheza hivi tangu tulipoanza, kila mtu peke yake mezani bila shahidi, na sijawahi kusikia mwenzetu hata mmoja akisemwa vibaya. Kama maagizo yangu hushindwa kila mahali isipokuwa mbele ya macho yangu, basi kasoro imo ndani ya maagizo.

Utacheka, lakini timu hii inafanana na mwenyewe. Nimeishi ugenini tangu nina miaka kumi na minne, na zipo siku nadhani rekodi yangu haiko mbali na hiyo.

Anayeniuma zaidi ni Pruitt. Mtupaji bora wa kufunga mchezo katika ligi nzima, na ugenini ameingia uwanjani mara mbili tu mwaka mzima. Kwa kuwa mnanitumia kadi ya posta yenye matokeo matupu, siwezi kujua ni wapi tulipoteleza. Labda hatukuwahi kufika duru ya tisa, ya mwisho, tukiwa mbele. Marjorie wangu alipokuwa hai, nilisoma maagizo kwa sauti naye akayaandika. Huenda kusema kwa sauti ndiko kulikonisaidia kufikiri. Tangu alipotutoka naandika mwenyewe, na nahisi kichwa kinaniondokea polepole, bila kuaga.

Kanuni ya tisa, kwamba atakayeshika mkia misimu mitatu mfululizo akabidhi timu, niliiandika mimi. Naomba unieleze nikabidhi kadi kwa nani.

Wako shemeji,
Visvaldis


Petoskey, Oktoba 14, 1996

Shemeji mpenzi, mtu wa mkate mgumu,

Goti langu halijambo, ila sasa linatabiri theluji. Arlene anakusalimu na anasema mkate huo uuloweke kwenye supu uache ubishi. Nimepokea ripoti yako. Dada yangu aliolewa na mtu anayejiandikia hukumu mwenyewe kisha anatafuta stempu ya kuituma!

Kwanza nikurekebishe. Umejiandikia ushindi 17 ugenini. Daftari la katibu linasema 11. Sijui hizo sita umezitoa wapi, lakini wizi gani huu wa kuiba sita halafu ubaki palepale mkiani?

Pili, Pruitt. Unaniuliza mimi? Maagizo yako juu ya Pruitt tunayafuata kama ulivyoandika. Orville wa Sheboygan aliwahi kunipigia simu: "Dale, huyu mzee, Pruitt anamtunzia nini, harusi?" Nikamwambia, "Vis ndiye aliyetufundisha sisi sote mchezo huu. Akisema, wewe fuata."

Tatu, kombe liko juu ya rafu yangu na linang'aa. Wakata Miti wangu wa Petoskey, ushindi wa michezo mia moja na miwili. Sina la kuongeza, nimekutajia tu.

Kuhusu kanuni ya tisa, mimi sitaki kusikia. Lakini nakujua, ukishakaza shingo hata Marjorie alikuwa anaondoka chumbani. Basi kama ni lazima, kadi za miaka ishirini na mitano hazitumwi kwa posta. Njoo nazo mwenyewe. Ulale siku mbili. Arlene atapika mkate wa nyama na pai ya cheri, tukupe nafasi ya kubadili mawazo ukiwa umeshiba. Taja siku tu.

Shemeji yako anayekushinda,
Dale


Kalamazoo, Oktoba 22, 1996

Kwa shemeji Dale,

Nashukuru kwa barua yako na kwa salamu za Arlene. Mkate nimeuloweka kama alivyoagiza, imesaidia.

Kuhusu zile 17, sina la kujitetea. Sikubaki na nakala, na ningeapa kwamba niliandika sawasawa. Sasa hata hesabu zinanitoka, nami nilikuwa mtu wa kupima ramani kwa miaka thelathini na miwili. Unaona kwa nini nataka kukabidhi timu ningali najua ninachokabidhi.

Nitakuja na boksi Novemba 11, kwa basi linalofika kwenu saa sita na nusu mchana.

Wako shemeji,
Visvaldis


Petoskey, Oktoba 28, 1996 (kadi ya posta)

Shemeji, tarehe hiyo ni nzuri kabisa. Tutakuwa kituoni, mimi na Arlene na blanketi la gari. Vaa soksi nene.
Dale


Petoskey, Novemba 17, 1996

Vis,

Uko wapi? Leo tumeacha ibada katikati, Arlene akiwa na pai mapajani, tukakimbilia kituoni. Basi likaja, akashuka mama mmoja na paka wake ndani ya kikapu. Tukangoja mpaka basi likageuza kurudi kusini saa kumi. Dereva akasema hajaona mzee mwenye boksi. Nimekupigia simu mara nne, inalia tu.

Kama umebadili mawazo kuhusu kukabidhi timu, nafurahi kuliko wewe. Kama umekasirika kwa utani wangu wa zile sita, nisamehe, nilikuwa nacheza. Kama unaumwa, sema, nitawasha gari hata usiku huu.

Jibu upesi, bwana.

Dale, shemeji yako


Kalamazoo, Novemba 21, 1996

Kwa shemeji Dale,

Natumaini nyote hamjambo. Mimi mwili haujambo.

Nilikuja. Nilikuja tarehe kumi na moja, kama nilivyodhani nimekuandikia. Niliketi kituoni tangu saa sita na nusu mpaka saa kumi, boksi magotini. Nilipiga simu nyumbani kwenu mara tatu pasipo jibu. Nikajiambia, Dale amechoka na ubishi wangu, na ana haki. Nikapanda basi lile lile nikarudi. Nilipofika nilichomoa waya wa simu ukutani, jambo la kitoto, na sikuurudisha mpaka jana barua yako ilipofika.

Sasa nakusoma, nawe unasema ni tarehe nyingine. Sina sababu ya kukutilia shaka. Kwa hiyo niliandika siku moja kichwani na nyingine kwenye karatasi, kama nilivyofanya kwa zile 17. Nimeomba miadi na daktari, Desemba. Sikuandikii ili unihurumie. Nataka tu ujue kwamba sikukukasirikia wewe kamwe, isipokuwa kwa muda wa safari ya basi.

Wako shemeji,
Visvaldis


Petoskey, Novemba 29, 1996

Shemeji,

Keti kwanza. Una kiti? Keti.

Tarehe 11 mimi nilikuwa msituni nikitengeneza jiko la kibanda chetu kabla ya msimu wa kuwinda paa, na Arlene alikuwa kwa dada yake. Nikikufikiria pale kituoni na boksi magotini, chakula hakipiti. Lakini sasa nisikilize.

Jana ilikuwa sikukuu ya Shukrani. Tulipomaliza bata mzinga nikatoa barua yako ya Oktoba nimwonyeshe Arlene, nikasema, "Tazama, mama, maskini Vis. Ameandika kumi na saba wazi kabisa, halafu anasema alikuja kumi na moja."

Arlene akavaa miwani. Unajua alifanya kazi duka la dawa miaka thelathini na moja. Akatazama, akasema, "Dale, hii ni kumi na moja."

"Kumi na saba hiyo. Huoni bawa lake, mstari huu wa mshazari kichwani?"

"Bawa naliona. Lete ile barua ya kwanza, yenye hesabu za msimu." Nikaleta. "Soma hapa, michezo aliyopoteza."

"Sabini."

"Tazama saba yake. Ina mkanda kiunoni. Na hii thelathini na saba, ina mkanda. Sasa hii yako ya Novemba, mkanda uko wapi?"

"Hauna."

"Basi si saba. Ni moja, yenye bawa. Tazama hata mwaka hapa juu. Au shemeji yako anaishi mwaka 7996?"

Akaendelea. "Nimesoma mwandiko wa madaktari nusu ya maisha yangu na hakuna aliyekufa. Nyinyi wanaume saba mmeshindwa kumsoma mzee mmoja?"

Unajua zikiwa mbili pamoja, ya kwanza unaisimamisha wima na ya pili unaipa bawa kubwa kama la bata anayeruka. Ndiyo maana tuliona 17. Lakini subiri, hujasikia bado.

Nilishuka chini kwenye boksi la maagizo yako ya miaka mitatu. Vis, nikaanza kucheka, kisha nikaacha kucheka. "Pruitt aingie duru ya 9 tukiongoza kwa pointi 1 au zaidi." Sote tulisoma saba. Ndiyo maana alikaa benchi mpaka uongoze kwa saba, na nani anaongoza kwa saba? "Aibe besi yeyote mwenye alama kuanzia 11." Tulisoma 17, na mkimbiaji mwenye alama 17 kwenye kadi yake huna hata mmoja, basi hakuna aliyekimbilia besi ya mbele. "Kuanzia duru ya 8, mtupaji akipigwa mara 1, mtoe." Tuliwaacha maskini wale wapigwe mara saba! Nimempigia Orville. Akaguna muda mrefu, kisha akasema, "Mimi nilihisi ni ukatili, Dale. Lakini nikadhani ndivyo wanavyocheza Ulaya."

Nimewapigia wote sita. Wote walisoma saba. Kila mmoja aliona ni ajabu, na kila mmoja akaona aibu kukuuliza.

Nimekuwekea humu nakala ya karatasi moja ya mwaka 1989, mwandiko wa Marjorie. Tazama moja zake. Vijiti vitupu.

Kichwa chako kizima, shemeji. Sisi ndio hatujui kusoma.

Dale


Kalamazoo, Desemba 12, 1996

Kwa shemeji Dale na shemeji Arlene,

Natumaini theluji haijawafunga ndani. Huku imefika magotini, na jirani yangu anaisafisha kwa mashine yenye kelele kuliko ndege. Afya yangu ni njema, na safari hii nina cheti.

Nilikwenda kwa daktari hata hivyo, kwa kuwa sipendi kuvunja miadi. Ni kijana mpole. Alinitaka nitaje miezi kinyumenyume, nikataja. Kisha akanipa karatasi nichore uso wa saa na tarakimu zake zote. Nikachora kwa uangalifu. Akaitazama. Akachukua kalamu. Ndipo nikakumbuka barua yako, nikamwambia kabla hajaandika neno, "Daktari, hizo ni moja." Akahesabu kwa kidole, moja, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Akaniuliza nilisoma wapi. Nikamwambia Cēsis, Latvia, kabla ya vita. Akacheka, akasema anatamani wagonjwa wake wote wangekuwa wabovu namna hiyo.

Mwalimu aliyetufundisha tarakimu alikuwa Bibi Austra. Alipita kati ya madawati na rula, na moja isiyo na bawa aliiita kijiti cha kuwashia moto. Nilikimbia nchi ile nikiwa na koti, kijiko, na picha ya mama. Nilidhani nimehesabu kila nilichotoka nacho. Moja hii sikuihesabu.

Nakala uliyonitumia nimeiweka mezani siku kumi sasa. Misimu ishirini na miwili nilimsomea Marjorie maagizo, naye akaandika, na nilidhani anaokoa vidole vyangu tu. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa nilimpa orodha ya dukani, akarudi na mikate saba. Tulicheka, tukala mkate mpaka tukauchukia. Tangu siku ile hakunipa tena nafasi ya kuandika orodha, wala hundi, wala bahasha, na hakuniambia kwa nini. Nilidhani ananiandikia. Alikuwa ananitafsiri.

Sasa mambo ya ligi. Nakataa kabisa michezo irudiwe. Kosa la mwenyeji husimama, ndivyo tulivyokubaliana tangu mwanzo. Kombe ni lako. Na kama matokeo yanasimama, kanuni ya tisa nayo inasimama. Siwezi kuichagua moja na kuitupa nyingine. Naandika neno hilo kwa herufi, utaona. Boksi bado limefungwa kwa kamba ile ile. Nitajie siku, kwa maneno.

Wenu shemeji,
Visvaldis


Petoskey, Januari 9, 1997

Shemeji mkaidi,

Heri ya mwaka mpya. Hatujambo, paa la nyumba limebeba theluji mpaka linalia. Arlene amefurahi kuitwa kwenye barua na sasa anadai kura katika ligi.

Kwa cheo changu cha katibu nimefungua jalada la mwaka 1974 nikasoma kanuni ya tisa, ile uliyoiandika wewe na Marjorie akaipiga chapa. Wewe unaikumbuka kwa kifupi. Mimi ninayo yote hapa, maneno yako mwenyewe: "Meneja atakayeshika mkia misimu mitatu mfululizo *kwa maagizo yake mwenyewe* atakabidhi timu." Unakumbuka kwa nini uliweka maneno hayo? Mwaka ule Orville alilazwa hospitali, mpwa wake akamwandikia maagizo, akaharibu kila kitu. Ukasema mtu asihukumiwe kwa amri ambayo hakuitoa.

Haya, niambie wewe mpima ramani. Nani aliagiza Pruitt angoje pointi saba? Si wewe. Si mimi. Hakuna mtu duniani aliyetoa amri hiyo. Matokeo yanasimama, na mkia ni wako, nakupongeza, umeushika vizuri. Lakini hukuushika kwa maagizo yako mwenyewe. Kanuni haikugusi. Nimewaandikia wenzetu sita, wote wamejibu ndiyo, na Orville ameongeza kwamba anaomba radhi kwa Ulaya nzima.

Ukitaka kukata rufaa, rufaa zinaletwa mkononi, na mkate wa nyama upo.

Fungua hiyo kamba.

Dale, katibu na shemeji


Kalamazoo, Februari 2, 1997

Kwa shemeji Dale,

Natumaini paa limesimama, na kwamba Arlene amepewa kura yake.

Nimeisoma kanuni yangu mara nne nikitafuta mwanya. Sikuupata. Niliiandika vizuri mno.

Kamba nimeikata. Kadi zote zipo, zinanuka moshi wa basi kidogo. Nimejaribu wiki mbili kuandika moja kama kijiti. Mkono unakubali mpaka nisahau, kisha bawa linarudi lenyewe. Nina miaka sitini na sita. Nimeamua Bibi Austra abaki, na nyinyi niwaandikie kwa maneno.

Mwezi wa tano, barabara zikikauka, nitakuja kula hiyo pai. Nitakupigia simu siku moja kabla, na siku yenyewe asubuhi.

Wako shemeji,
Visvaldis


KORONGO WA KALAMAZOO
Maagizo ya mchezo wa kwanza wa msimu, ugenini Petoskey, Aprili mwaka wa tisini na saba

Aibe besi yeyote mwenye alama kuanzia kumi na moja.
Kuanzia duru ya nane, mtupaji akipigwa mara moja, mtoe.
Pruitt aingie duru ya tisa tukiongoza kwa pointi moja au zaidi. Moja, Dale. Ile ndogo kuliko mbili.

Mwisho wa maagizo. Msalimie Arlene. Goti linasemaje?

Visvaldis, meneja


Petoskey, Aprili 7, 1997 (kadi ya posta)

Korongo 4, Wakata Miti 3. Pruitt aliingia duru ya tisa, akafunga. Dadu nilirusha mimi, Arlene amekaa pembeni na miwani yake, akisoma kila mstari mara mbili. Goti linauma, na si kwa mvua.
Shemeji yako uliyemshinda ugenini,
Dale